Kabla hujapanda treni ya Tshiuetin kwenda Schefferville

Kabla hata hujauliza nauli, elewa kwamba hii si treni ya watalii. Tshiuetin, yaani upepo wa kaskazini kwa lugha ya Wainnu, ni mali ya jamii tatu za wenyeji asilia wa Kanada: Wainnu wa Uashat mak Mani-utenam, Wainnu wa Matimekush-Lac John na Wanaskapi wa Kawawachikamach. Migodi ya chuma ya Schefferville, mji wa kaskazini mwa jimbo la Quebec, ilifungwa mwaka 1982, na mwaka 2005 kampuni ya reli ya madini ikawauzia kipande cha kaskazini kwa dola 1. Usidhani walipewa zawadi. Walikabidhiwa zaidi ya kilomita 200 za reli ya miaka ya 1950, pamoja na mzigo wa kuitunza kwenye baridi inayopasua chuma. Na hawakuwa na namna, maana hakuna barabara ya gari kutoka kusini hadi Schefferville. Ni ndege, ambayo si ya kila mfuko, au ni treni hii.

Ratiba iulizie kwao wenyewe, tena karibu na siku ya safari. Treni ya abiria hupanda kaskazini mara chache tu kwa wiki, kwa hiyo ukiikosa Sept-Îles, mji wa bandari kusini inakoanzia safari, huna la kufanya ila kusubiri siku kadhaa. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 550, saa 12 au zaidi, ikikatisha Labrador, eneo la jimbo jirani, kabla ya kurudi Quebec. Kuchelewa ni jambo la kawaida. Kuanzia Sept-Îles hadi Emeril, kinakoanzia kipande chao cha reli, treni inapita kwenye reli ya kampuni ya madini, na treni za madini ndizo zinazopishwa kwanza. Mtakaa pembeni, behewa baada ya behewa la mawe mekundu likipita dirishani, mpaka uache kuhesabu. Ndiyo maana nakusihi usikate tiketi ya ndege ya asubuhi inayofuata.

Chakula beba cha siku nzima na ziada, na chupa ya chai usiiache. Simu ichajiwe mapema na ndugu waambiwe kabisa kwamba hutapatikana, maana msituni mtandao hupotea kwa saa nyingi. Nguo za baridi zisifungiwe kwenye mzigo mkubwa. Januari huko juu huweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na mlango wa behewa hufunguliwa mara nyingi kuliko unavyofikiri. Kiangazi nacho kina adha yake: usubi na mbu, na usubi wa kule hung'ata hadi damu itoke.

Mlango hufunguliwa kwa sababu treni husimama hata pasipo na stesheni. Bibi anateremka na maboksi ya chakula, vijana wanashusha pikipiki ya theluji kutoka behewa la mizigo, wanapungiana mikono na makondakta, kisha treni inaondoka na wao wanabaki kati ya miti, wakielekea kwenye kibanda chao cha kuwinda na kuvua. Usiwaige kama huna mwenyeji. Anayeshuka porini lazima awe amewaambia wahudumu mapema, na ajue siku ya kusimama kando ya reli kuisubiri irudi.

Malazi ya Schefferville yapange kabla hujaondoka. Mji ni mdogo na vyumba ni vya kuhesabu. Lugha isikutishe: Wainnu wengi huongea pia Kifaransa, Wanaskapi Kiingereza. Sisi tuliolelewa kusalimia kabla ya kuuliza njia tuna pa kuanzia. Kwa Wainnu salamu ni "kuei". Wape wazee shikamoo ya moyoni na nafasi ya kukaa, na usimpige mtu picha bila kumwomba, hasa watoto.

Tiketi ya kurudi ishughulikie mapema vilevile. Treni inayoshuka kusini ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali Sept-Îles, na ndiyo inayowapeleka watu kwa jamaa zao waliofiwa. Ukiambiwa siku hiyo imejaa, usibishane dirishani. Omba nafasi ya safari inayofuata, na ndiyo maana nilikuambia uache siku za ziada.