Namna ya Kupanga Maboresho ya Programu ya Kuendesha Matangazo katika Redio Ndogo ya Lamu

Redio ndogo ya jamii kisiwani Lamu, yenye watangazaji watano au sita na fundi mmoja ambaye pengine siku hiyo yuko Mokowe akingoja boti, huiachia programu ya kompyuta kazi yote ya usiku na sehemu kubwa ya kazi ya mchana. Programu hiyo ndiyo inayocheza wimbo unaofuata, inayorusha tangazo la biashara kwa wakati wake, inayoingiza adhana na kuziba pengo mtangazaji anapochelewa. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuiboresha asianze kwa kutazama toleo jipya limeongezewa nini. Na aanze kwa kulifungua daftari la zamu.

Pitia kurasa za miezi mitatu iliyopita na unakili kila mahali mtangazaji alipoandika kwamba jambo fulani lilikwenda kombo. Weka mbele yale yaliyosababisha ukimya hewani, kisha yale yaliyosikika wakati usio wao, na mwisho yale yaliyompa mtu kazi ya mikono isiyo ya lazima. Mara nyingi utaona kwamba mambo yaliyokuwa yakiombwa katika vikao, kama vile kuiongoza ratiba kwa simu ya mkononi, hayamo kabisa katika orodha hiyo. Ikiwa kituo hakina daftari, basi boresho la kwanza ni kulinunua, na mengine yasubiri mwezi mmoja.

Jambo la pili ni saa, nalo ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Kompyuta huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi huhesabu kuanzia kuchwa na kucha kwa jua, na mahali hesabu hizi mbili zinapokutana ndipo makosa yanapozaliwa. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, tangazo la msiba lililoandikwa lirushwe saa tatu usiku liliingizwa kwenye ratiba kuwa 03:00, likasikika watu wamelala, na familia ikaja asubuhi kuuliza kwa nini majirani hawakupata habari. Saa tatu usiku ni 21:00. Kwa hiyo katika mpango wako andika wazi kwamba ukurasa wa ratiba uonyeshe hesabu zote mbili. Na ikiwa programu haiwezi, tengeneza fomu ya karatasi yenye safu mbili, ijazwe kabla ya mtu kugusa kibodi. Hakikisha pia kwamba kompyuta imewekwa katika ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, na kwamba inasahihisha saa yake kwa intaneti kila siku, maana betri ndogo ya ubao wake ikichoka, umeme ukikatika kompyuta huamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita.

Adhana inahitaji uangalifu wa peke yake. Vituo vingi huweka saa zisizobadilika na kuzirekebisha kila mara mtu anapokumbuka, ilhali hata hapa karibu na ikweta wakati wa sala ya Magharibi husogea kwa yapata nusu saa ndani ya mwaka: mwanzoni mwa Novemba jua hutua dakika chache tu baada ya saa kumi na mbili, na katikati ya Februari hutua baada ya saa kumi na mbili na nusu. Kuazima nyakati za Nairobi nako si dawa. Lamu iko mashariki ya Nairobi kwa takriban digrii 4 za longitudo, na kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua letu hutangulia kwa karibu robo saa. Programu inayojihesabia nyakati za sala ipewe latitudo na longitudo za Lamu yenyewe, kisha hesabu yake ilinganishwe kwa mwezi mzima na jedwali linalofuatwa na msikiti ulio jirani, na panapotofautiana, msikiti ufuatwe. Ramadhani adhana ikitangulia kwa dakika mbili tu, msikilizaji aliyefuturu kwa kuiamini redio atalazimika kuilipa siku hiyo, na lawama hiyo haitaangukia kompyuta.

Kuhusu ukimya, programu nyingi za sasa, mojawapo ikiwa Liquidsoap, zinaweza kugundua kwamba hakuna sauti inayotoka na kuhamia kwenye orodha ya akiba. Tatizo liko katika kuchagua baada ya sekunde ngapi. Kituo cha muziki mtupu kinaweza kuweka sekunde 5, lakini msomaji wa Kurani hupumua baina ya aya, na khatibu hukaa kimya baina ya khutba mbili za Ijumaa. Ukiweka kikomo kifupi, taarabu itaingia katikati ya khutba. Mimi ningeweka sekunde 30 kwa vipindi vya kawaida, na kwa matangazo ya mubashara kutoka msikitini ningekizima kabisa kigunduzi hicho na kumwacha mtu asikilize.

Kusawazisha sauti ni jambo jepesi zaidi. Pendekezo la R128 la umoja wa watangazaji wa Ulaya, lililotolewa mwaka 2010, linaweka wastani wa LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na programu inaweza kuinua kasida ya kanda ya zamani na kushusha wimbo wa leo wakati wa kuzicheza, bila kubadilisha faili asilia. Faili hizo asilia zihifadhiwe katika WAV, yaani muundo wa faili usioibana sauti: dakika moja huchukua takriban megabaiti 10, kwa hiyo nyimbo 1,000 za dakika nne hukaa katika gigabaiti 40, nafasi ambayo leo si ghali.

Ikiwa mpango unahusu kuhamia programu nyingine, Rivendell na LibreTime ni za bure na msimbo wake uko wazi; zote mbili huendeshwa juu ya mfumo endeshi wa Linux, kwa hiyo gharama yake halisi ni fundi anayeijua.

Majaribio yafanywe kwenye kompyuta ya pili yenye nakala ya hifadhidata, sauti yake ikiishia kwenye vipokea sauti vya masikioni wala isifike kwenye transmita. Iendeshe kwa ratiba ileile ya hewani kwa muda usiopungua siku nane, ili Ijumaa iwemo, na katikati ya wimbo chomoa waya wa umeme uone inachukua muda gani kurudi, na inarudi mahali gani.

Siku ya kuhama, wengi hupenda usiku wa manane kwa kuwa wasikilizaji ni wachache. Mimi napendelea asubuhi ya katikati ya wiki, nje ya Ramadhani na siku za Maulidi, fundi akiwepo, mtangazaji akiwa macho, na maduka ya vifaa yakiwa wazi. Mashine ya zamani ibaki imeunganishwa kwa wiki mbili, na kando ya swichi ya kuirudisha hewani ibandikwe karatasi yenye hatua zisizozidi nne, zilizoandikwa kwa Kiswahili ambacho mtangazaji mgeni wa zamu ya alfajiri ataelewa bila kumpigia mtu simu. Karatasi hiyo itiwe ndani ya plastiki, kwa kuwa unyevunyevu wa bahari huilegeza gundi na kufuta wino kabla hata wiki hizo mbili hazijaisha.