Nanasi la kuchoma na chizi fresh unayotengeneza mwenyewe

Jamani kama una wageni jioni na mkaa ushawashwa kwa ajili ya kuku, usiwaache watu wanameza mate saa nzima, wachomee nanasi uwape na chizi fresh. Na chizi yenyewe usihangaike na ile ya supamaketi ya bei mbaya, tengeneza nyumbani, ni maziwa na ndimu tu.

Anza na chizi maana ndo inataka muda. Tafuta maziwa fresh ya ng'ombe lita 2, yale ya kupimiwa ndo mazuri, haya ya boksi yanayokaa miezi nje ya friji yashapigwa moto mkali sana kiwandani kwa hiyo hayashikani vizuri unaishia na chengachenga. Bandika kwenye sufuria nzito, koroga mpaka chini yasishike, yakianza kupanda punguza moto umimine maji ya ndimu vijiko vikubwa 4 huku unakoroga taratibu. Hapo usiondoke, angalia: maziwa yanakatika, mabonge meupe yanajikusanya juu na chini yanabaki maji yenye rangi ya njano-kijani hivi. Maji yakiwa bado meupe ongeza ndimu kijiko kingine. Epua, acha dakika 10, chuja kwa kitambaa kisafi, pitisha maji baridi kupunguza ukali wa ndimu, tia chumvi nusu kijiko cha chai, kunja kitambaa ukamue, halafu kandamiza na sufuria iliyojaa maji kwa saa 1. Utapata kama gramu 300 au zaidi kidogo, inategemea maziwa yana mafuta kiasi gani. Yale maji yaliyobaki usimwage, kandia chapati, zinatoka laini balaa.

Nanasi chagua lililoiva, linalonukia utamu ukilinusa chini. Kwa watu wa Dar yale ya Kiwangwa kule Bagamoyo yana sukari ya kutosha kabisa, huongezi kitu. Menya, toa macho yote, kata slesi nene kama kidole, toa ule moyo mgumu wa kati. Kausha slesi kwa tishu kabla ya kuweka motoni, zikiwa zimelowa zinachemka tu hazichomeki.

Mkaa usubiri mpaka uvae majivu meupe, paka wavu mafuta, panga nanasi, dakika 3 au 4 kila upande bila kuligusagusa mpaka lipate mistari ya kahawia na liwe la moto mpaka ndani. Hili la moto mpaka ndani nasisitiza, nanasi ambalo halijapita motoni lina kimeng'enya kinaitwa bromelini kinachokula protini, ndo mojawapo ya vitu vinavyofanya ulimi uwashe ukila nanasi jingi, na ukiliweka hivyo hivyo juu ya chizi likakaa, chizi inalainika halafu inakuwa chungu. Moto unakiua hicho kimeng'enya, kwa hiyo nanasi kwanza lichomeke ndo likutane na chizi, na kisu ulichokatia nanasi kioshe kabla ya kukatia chizi.

Chizi kata vipande vya unene wa kidole, paka mafuta pande zote, weka kwenye wavu dakika 2 kila upande ugeuze na kisu bapa. Haiyeyuki hii, imegandishwa kwa moto na ndimu kwa hiyo inashika rangi tu nje, ingekuwa mozarela, ile chizi ya kwenye pizza, ungeikuta yote iko kwenye mkaa.

Kata kila slesi ya nanasi vipande vinne, weka chizi juu, choma na kijiti, dondoshea asali kidogo, nyunyiza pilipili manga au pilipili ya unga kama wageni wako wanaiweza, majani ya nanaa yakiwepo sawa yasipokuwepo pia sawa. Peleka mezani vikiwa vya moto maana chizi ikipoa inakuwa ngumu. Nanasi moja la kati na chizi hii vinatosha watu 6, na msimu wa maembe tumia dodo ambalo bado gumugumu, lililoiva sana linarojeka kwenye wavu.