Kabla hujawafundisha manesi kusinzisha wagonjwa, zingatia haya

Nyie mnaoandaa mafunzo ya dawa za kusinzisha, slaidi baadae. Kwanza chumba. Mtungi wa oksijeni uwe na gesi kweli, fungua usikie. Saksheni, mashine ya kunyonya mate na matapishi, ivute. Ambubegi, ule mfuko wa kumpulizia hewa kwa mkono, ya saizi ya mgonjwa iwe kichwani pake, sio kabatini na funguo anayo sista incharge. Kilo zipimwe, msikisie. Kabla ya dawa mgonjwa akae bila chakula masaa 6, bila maziwa ya mama 4, bila maji matupu 2. Vidole vyenye piko nyeusi vinaisumbua oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu, hamishia sehemu nyingine.

Midazolamu, dawa ya kusinzisha, ipo ya miligramu 1 kwa mililita na ipo ya 5, usiposoma lebo umeshampa mara tano.

Sasa hili ndo wengi wanaliruka, mafunzo yanaishia pale shughuli inapoisha. Kuna kijana nilimshuhudia, bega limeteguka, kapewa midazolamu na pethidini ya maumivu, bado anapiga kelele, akaongezewa, bega likaingia, watu wakashangilia, daktari huyo kwenye faili lake na nesi katumwa kufuatilia eksirei. Mama mtu mlangoni anaambiwa amelala tu. Oksimita inasoma 98 kwahiyo hakuna aliyeshtuka, ila ukiangalia kifua hakipandi! Maumivu ndo yalikuwa yanamfanya apumue, bega lilivyorudi yakapoa, dawa zikabaki peke yake. Na ile 98 ilikuwa ya oksijeni aliyowekewa kwa mpira, mtu anaweza kuacha kupumua na namba ikachelewa kushuka. Akanyanyuliwa kidevu, akapigwa ambubegi, akapewa naloxoni ya kukata nguvu ya pethidini, akarudi.

Kwahiyo nesi wa kumwangalia mgonjwa asipewe kazi nyingine, hata kushika tochi. Ahesabu pumzi kwa macho, mkono kifuani, na wakishamaliza ndo akaze zaidi. Hapo ndo mumfanyishe mazoezi, sio kwenye kuchoma sindano tu, sindano wanazijua.

Halafu naloxoni, na flumazenili inayokata nguvu ya midazolamu, zinaweza kuisha nguvu kabla ya dawa iliyomlaza, aliyeamka kwa hizo anaweza kuzama tena, asiruhusiwe eti kwa sababu kaomba chai. Aende na ndugu, bodaboda asiendeshe siku hiyo. Wazee dozi ndogo, taratibu. Anayekoroma sana, aliyelewa, mnene mwenye shingo fupi, hao muiteni mtu wa usingizi mapema. Na kama ni usiku mko wawili, umeme unakatika katika, na kazi yenyewe inaweza kusubiri asubuhi, isubiri.