Jinsi ya kuomba kipimo cha UVIKO-19 na cheti cha safari ukiwa Mbeya

Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, nchi nyingi zimeacha kudai cheti. Kwa hiyo soma kwanza masharti ya nchi unayokwenda. Yakitaja PCR, usipeleke kipimo cha haraka: PCR husaka vinasaba vya kirusi, hata vikiwa vichache sana, kipimo cha haraka husaka protini yake na huwakosa wengi wenye virusi vichache. Cha kingamwili usikiombe kabisa, kwani hakionyeshi kama una virusi leo.

Kisha piga hesabu ya saa. Muda kwa kawaida huanza sampuli inapochukuliwa, si jibu linapotoka. Ndege ikiondoka Dar es Salaam Jumamosi saa 2 usiku na sharti likiwa saa 72, sampuli ya Jumatano asubuhi haifai. Toa Alhamisi asubuhi. Hapo ndipo wasafiri wa huku hukwama, maana basi hula siku nzima barabarani. Kabla ya kulipa, uliza kama sampuli inapimwa Mbeya au inasafirishwa, na jibu litatoka lini.

Kwenye fomu, nakili majina kutoka kwenye pasipoti herufi kwa herufi. “Mwakyusa” na “Mwakiusa” mpakani ni watu wawili. Lipa kwa kumbukumbu namba uliyopewa, utunze risiti.

Siku ya sampuli, kijiti chembamba huingizwa puani kwa ulalo, kuelekea usawa wa sikio, kisha huzungushwa na kuachwa sekunde chache. Kinauma kidogo, machozi hutoka; usivute kichwa kukikwepa kijiti, kwani kijiti kikiishia mlangoni mwa pua jibu laweza kuwa hasi ilhali unaumwa. Kijiti cha mbao chenye pamba hakifai, huvuruga PCR. Sampuli hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 kwa saa zisizozidi 72. Inayotoka Kyela bila barafu yaweza kuharibika kabla ya kufika maabara.

Kwa kipimo cha haraka, asubuhi za Juni na Julai kiache kwanza kipate joto la chumba, angalau nyuzi 15. Soma jibu kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari unaojitokeza baadaye usiuhesabu.

Kama uliugua karibuni, mwambie daktari mapema: PCR huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kupona.

Ukipokea cheti, kagua hapohapo jina, namba ya pasipoti, aina ya kipimo, na saa ya sampuli.