Somo: Programu Imegoma Baada ya Kuhamia Windows 11, Tuanzie Wapi?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zimehamishiwa Windows 11, na zinazoletwa mezani kwangu huwa na kilio kimoja: mashine inawaka vizuri na intaneti ipo, lakini programu ya mahesabu au printa ya risiti haifanyi kazi. Ninaomba jambo moja kabla ya yote, nalo ni kwamba usiifute programu kwa nia ya kuisakinisha upya. Nimemwona mwenye duka la dawa akipoteza rekodi za miaka mitatu kwa sababu data ilikuwa imekaa ndani ya folda ileile aliyoifuta.

Hatua ya 1. Nakili folda nzima ya programu kwenye diski ya nje, kisha uifungue nakala hiyo uhakikishe kwamba faili zimo.

Hatua ya 2. Hesabu siku. Mfumo wa zamani huhifadhiwa katika folda ya Windows.old kwa siku 10, na katika muda huo unaweza kurudi Windows 10 bila kupoteza nyaraka zako, ingawa programu ulizosakinisha baada ya kuhama zitaondoka. Ukiona kazi itachelewa, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa mamlaka ya msimamizi kabla siku hizo hazijaisha, uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, nawe utapata siku 60.

Hatua ya 3. Tambua aina ya tatizo, maana hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, nawe utaona jedwali la siku kwa siku lenye alama nyekundu mahali programu ilipoanguka, pamoja na jina la faili iliyohusika. Ikiwa programu haianguki bali inakataliwa tangu mwanzo kwa ujumbe kwamba haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, chunguza umri wake. Programu na Windows hutengenezwa kwa biti 16, 32 au 64, yaani ukubwa wa vipande vya data vinavyoshughulikiwa kwa mkupuo. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32, ambalo liliweza kuendesha hata programu za biti 16 zilizoandikwa enzi za DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows) na Windows 3.1, Windows 11 haina toleo hilo, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 hata kidogo. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, ruka hatua mbili zinazofuata, kwa kuwa hazitakusaidia. Programu za biti 32 hazina kizuizi hicho.

Hatua ya 4. Bofya kulia faili ya programu, ingia Properties, kisha Compatibility, uchague Windows 7 au 8. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya. Programu ikikubali tu inapopewa mamlaka ya msimamizi, huenda inajaribu kuandika ndani ya Program Files, folda inayolindwa na Windows. Mimi hupendelea kuisakinisha katika folda nyingine kuliko kuipa mamlaka hayo kila siku.

Hatua ya 5. Programu nyingi za zamani huhitaji .NET Framework 3.5, yaani sehemu ya Microsoft ambayo programu hizo huitegemea ili ziendeshwe, nayo huwa imezimwa. Iwashe kupitia orodha ya Windows Features.

Hatua ya 6. Kwa printa na vifaa vingine, tafuta draiva mpya (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa) kwa mtengenezaji. Kipengele cha Memory integrity, kilichomo ndani ya Windows Security, huzuia draiva za zamani zisizokidhi masharti ya usalama. Kukizima kuwe chaguo la mwisho.

Maswali ya wanachama

Fundi, siku 10 zimeshapita na programu yangu ni ya biti 16. Nifanyeje?
Ndugu yangu, sakinisha VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, na ndani yake uweke Windows 10 ya biti 32 yenye leseni halali. Ikate intaneti kwenye mashine hiyo ya ndani, kwa kuwa haina kazi nayo.

Mwalimu, mimi sikuhama toleo. Programu iligoma baada ya sasisho la kila mwezi.
Nenda kwenye historia ya Windows Update, utazame sasisho la tarehe tatizo lilipoanza, uandike namba yake inayoanza na KB, kisha uliondoe. Si yote yanayokubali kuondolewa. Likiondoka na programu ikaamka, mpelekee mtengenezaji wa programu namba hiyo.

Je, si afadhali kuzima masasisho moja kwa moja?
Hapana, kwa kuwa mengi huziba mianya ya usalama. Yasimamishe kwa muda tu, hadi mtengenezaji atoe marekebisho, kisha uyafungulie tena.