Namna ya kuhesabu skoo kwenye diski gofu bila kuchanganyikiwa

Diski gofu ni mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kwenye kikapu, na kila sehemu yenye kikapu chake inaitwa shimo. Wengi wakiangalia mashindano yake kwa mara ya kwanza wanaona anayeongoza ana minus 12 na wa mkiani ana plus 20, wanadhani msimamo umepinduliwa. Haujapinduliwa, huku mwenye namba ndogo ndo mshindi. Kila ukirusha diski unahesabu 1, penalti nazo zinaingia humohumo, jumla yake ndo skoo yako ya shimo hilo. Par ni idadi ya mitupo ambayo mchezaji mzuri anategemewa kuitumia, kwahiyo shimo la par 3 ukimaliza kwa 2 una minus 1, ukimaliza kwa 4 una plus 1.

Panapowasumbua watu ni penalti. Chukulia shimo la par 3 lenye bwawa pembeni, umerusha toka tii (pale pa kuanzia shimo) diski ikazama, hiyo ni 1, penalti ya kutoka nje ni 1, tayari una 2 na bado hujafanya kitu. Unaenda pale diski ilipovukia kutoka nje, unaruhusiwa kusogea hadi mita 1 ndani ya uwanja, unarusha (3), inaanguka karibu na kikapu, unaitumbukiza (4). Kwenye kadi unaandika 4, sio 3, na wala usiandike "3 na penalti". Ila kabla hujakubali penalti angalia vizuri diski imelala wapi, maana inahesabika iko nje pale tu ikiwa nje yote kabisa, kipande kidogo tu kikibaki ndani uko salama, na wenzako kwenye kundi wakishindwa kukubaliana, shaka inaamuliwa upande wa aliyerusha.

Diski ikipotea mnatafuta dakika 3 tu, zikiisha unapigwa penalti 1 na unarudi uliporushia. Na hii inauma kweli: diski ikitua juu ya kikapu, kwenye kile kifuniko, haijaingia, lazima urushe tena na huo mtupo unahesabiwa.

Usidharau mtupo mmoja. Mwaka 2021 kwenye ubingwa wa dunia kule Ogden, Utah, James Conrad alifika shimo la mwisho akiwa nyuma ya Paul McBeth kwa mtupo 1, akarusha toka kama mita 75 ikaingia moja kwa moja, wakafungana, wakaenda shimo la ziada na Conrad akachukua ubingwa.

Sasa kadi. Kila shimo likiisha taja skoo yako kwa sauti wenzako wasikie, kwasababu ukishaikabidhi kadi halafu ikagundulika ina kosa, sheria za PDGA (chama cha diski gofu cha wachezaji wa kulipwa) zinakuongezea mitupo 2. Ukichelewa ukakosa shimo zima unaandikiwa par jumlisha 4, yaani par 3 inakuwa 7.