Boti ya faibaglasi iliyofifia: usikimbilie nta

Pitisha kidole kwenye ubavu wa boti uliofifia. Kikitoka na unga mweupe kama chaki, jua limeshaila jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa. Watu wengi hapo hupaka nta moja kwa moja. Itang'aa kweli, lakini kwa muda mfupi tu, maana umeifunika chaki badala ya kuiondoa.

Osha kwanza kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni laini, chumvi yote itoke, kisha acha pakauke kabisa. Halafu sugua kwa dawa ya kusugulia, ukianza na ile laini kuliko zote. Jaribu sehemu ndogo isiyoonekana sana. Ikikubali, huna haja ya dawa kali. Jelikoti ni nyembamba, mara nyingi haizidi milimita 1, na kila unaposugua unaipunguza. Ukitumia mashine, iende polepole na isikae mahali pamoja, la sivyo inaunguza. Kwenye kona na kingo mimi huacha mashine na kutumia mkono.

Nta ije mwisho. Fanya kazi kivulini, kipande kwa kipande, kwani juani hukauka kabla hujaifuta na huacha mabaka. Chini ya mstari wa maji, mahali pa rangi ya kuzuia viumbe vya baharini, usipake nta kabisa: rangi haitashika.